Msimamizi wa Maji ya Moto

Asubuhi ile nilitoka Ukunda bila kujua ninakwenda wapi. Kazi ya kupaka rangi ilikuwa imekwisha, chumba nilikuwa nimekikinai, na miguu yangu ikianza kuwasha huwa sibishani nayo. Nilitia nguo kwenye mfuko, nikamuaga mama muuza mahamri wa jirani, nikashika barabara ya kusini kwa kuwa jua lilikuwa ubavuni na halikunichoma macho. Shule niliiacha mapema, kabla hata ya kuzoea kuvaa viatu, na tangu hapo kila ninachokijua nimekijua kwa njia hiyo: kufika, kuuliza, kugusa, kuondoka.

Sikuwa nimekwenda mbali nilipopita kwenye lango la nyumba nyeupe nilikokaa miaka kadhaa. Nikatema mate. Si kawaida yangu kutema mate mbele ya milango ya watu. Lakini nyumba zile zilikuwa na msimamizi, na nikimkumbuka mate hunijaa kinywani kama mtu aliyeuma embe akakuta funza. Hayupo pale tena. Nilitema hata hivyo, kisha nikatembea naye kichwani njia nzima.

Wapangaji kutoka bara walikuwa wakimwita keateka. Sisi wengine tulimwita Msimamizi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lake. Nyumba zilikuwa ndogo, mpya, zimepangwa mstari mmoja, zina vigae hadi kifuani, na kila bafu lilikuwa na hita ya maji: kidude cheupe cha plastiki, ukubwa wa dafu changa, kimefungwa kwenye ncha ya bomba juu ya kichwa cha muogaji. Wengi wetu tulikuwa tumekulia kisimani na kata ya kifuu. Maji ya moto kutoka ukutani yalikuwa kwetu kama habari za Makka: umesikia, unaamini, hujaona. Kwa hiyo kila mpangaji mpya alipewa somo.

Somo lenyewe lilikuwa sherehe. Msimamizi alivaa kanzu safi, akabisha hodi, akauliza habari za nyumbani, za wazee, za safari, hadi mwenye kuulizwa akaishiwa na njema. Kisha alisimama nje ya mlango wa bafu na mti wa ufagio mkononi, akauelekeza ndani kama mwalimu wa chuo anavyoelekeza ubao. Ile swichi kubwa hapa kwenye ujia, taa yake nyekundu ikiwaka, moto umefika. Kile kitufe kidogo juu ya hita, kulia ni moto, katikati ni vuguvugu, kushoto ni baridi. Kisiguswe maji yakiwa yanatoka. Na mwisho, kwa sauti ya mtu anayetoa wosia: "Ukiingia, vaa ndara."

Kila mtu aliuliza kwa nini. Na kila mtu alijibiwa, "Ndivyo ilivyo."

Sijapata kumsikia akisema sijui. Tangi likivuja, ndivyo ilivyo. Taa zikififia mtu akiwasha hita, ndivyo ilivyo. Ukuta wa bafu ukiota ukungu mweusi kama masizi ya chungu, alipitisha kidole juu yake, akakinusa, akatikisa kichwa kwa hekima, na huo ukawa ndio ukarabati. Alikuwa ameugeuza ujinga wake kuwa sheria ya nyumba, nasi tukaifuata, maana sheria ikitolewa na mzee mwenye kanzu safi nani ataiuliza maswali?

Mimi niliiuliza, kwa mikono. Nilikuwa nimeona wapangaji wakilalamika kwamba taa inawaka na maji ni baridi, na Msimamizi akiwaambia wafungue mfereji zaidi. Walipofungua zaidi, maji yakazidi kuwa baridi, na yeye akasema hita imechoka. Siku moja nikafanya kinyume. Nikaufunga mfereji kidogo kidogo hadi maji yakatoka membamba kama uzi, na yakatoka ya moto hata nikarudi nyuma. Kumbe kile kidude hakina tangi wala akiba. Huyachemsha maji yakiwa njiani, na yakipita mbio hayawahi kupata moto. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikamwambia. Alinisikiliza kwa adabu zote, mkono kifuani. Kesho yake nilimsikia dirishani kwa jirani akilifundisha jambo hilohilo, eti alilijua tangu enzi za kazi yake katika hoteli za Diani.

Ningekuwa ninamsingizia nikisema hakuwa na wema. Hakuna maziko yaliyompita. Alishika jeneza mbele, na makaburini alirudi wa mwisho. Paka wote wa mtaa walikuwa wakila kwake. Niliposhikwa na homa akaniletea uji asubuhi na jioni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu akinisomea dua, na sauti yake ilikuwa nzuri. Uji niliunywa. Lakini nilimwona pia alivyouonja: alichovya kidole chote, akakilamba hadi fundo la pili, akakichovya tena. Ndivyo alivyoonja kila kitu, maji ya kisima, mchuzi wa watu, dawa ya kuua mende. Kamasi alizipenga kwa vidole viwili na kuvifuta kwenye ukuta wetu, palepale nilipopaka rangi. Kisha kwa mkono huo akakupa mkono, akauliza tena habari za wazee.

Alisifika pia kwa kubana matumizi. Msumari uliopinda aliunyoosha, kipande cha sabuni alikigandisha na kipande. Kamba zote za kuanikia nguo uani pale zilikuwa za waya mzuri uliovikwa plastiki ya kijani na manjano, usioshika kutu wala kukatika, na akina mama walimwombea heri kwa ajili yake. Aliutoa wapi, hakuna aliyeuliza.

Jambo moja tulilisifu kuliko yote. Yeye mwenyewe hakuoga maji ya moto. Chumba chake kilikuwa na bafu na hita kama vyetu, lakini alioga nyuma ya jiko kwa ndoo, hata miezi ya kusi ambapo asubuhi hutetemesha meno. Nilimuuliza. "Mimi ni mtu wa zamani, bwanangu," akasema. "Moto ni wenu nyinyi vijana." Tukasema, tazama unyenyekevu. Katika miaka yote niliyokaa pale sikuona unyayo wake ukivuka kizingiti cha bafu lenye hita iliyowashwa. Hilo nililiona kwa macho yangu na sikulielewa.

Maji yale yalikuwa yaking'ata. Si kila siku wala si kila nyumba, lakini ukigusa mfereji wa chuma na mkono umelowa ulisikia kama siafu wakikupanda hadi kiwikoni. Kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Mmoja alifungia mfereji kwa kitambaa, mwingine kwa mswaki, na mgeni akipiga ukelele wa kwanza majirani walicheka na kumkaribisha. Tulipomwambia Msimamizi, alituuliza swali moja tu: ulikuwa umevaa ndara?

Kisha akaja Mwanasha.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye ucheshi, na alihamia nyumba iliyopakana na yangu akiwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa mpishi hotelini na aliichagua nyumba kwa sababu ya bafu lile. Alitaka mkewe afanye arobaini yake bila moshi wa kuni, maji ya moto yakimshukia kutoka ukutani kama malkia. Mwenye nyumba naye alikuwa amekataza makaa ndani, asiharibiwe weupe wa kuta. Mwanasha alipojifungua, nyanya yake akaja kutoka Msambweni kumlea.

Bibi huyo alikuwa mkandaji. Kule kwao wazazi wote walipita mikononi mwake, na mikono yenyewe ilikuwa mikubwa, yenye vidole vinene vilivyong'aa kwa mafuta ya nazi. Mama aliyezaa hukandwa asubuhi na jioni kwa maji ya moto hasa, si vuguvugu, hadi arobaini itimie. Tumbo kwa viganja, kiuno kwa kisigino. Ndiyo kusema mkandaji huwa pekupeku. Kisigino hakikandi kikiwa ndani ya ndara, na ndara zinazotoka nje haziingii pale mzazi anapokaa. Hilo kila mtu wa pwani analijua, na Msimamizi alilijua tangu angali mdogo.

Siku ya kwanza tu bibi akatoka nje anaukuna mkono. Msimamizi alikuwa akifagia.

"Mwanangu, maji yako yananing'ata."

"Maji hayana meno, bibi," akasema Msimamizi, na wapangaji wakacheka.

"Basi kuna kitu nyuma yake chenye meno. Nipeni sufuria na jiko, nitachemsha mwenyewe."

Msimamizi alimbembeleza mbele ya watu, kwa ile sauti ya dua. Alimweleza bibi wa watu kwamba dunia imekwenda, kwamba Wazungu hotelini wanaoga humo na watoto wao, kwamba woga wa kitu kipya ni jambo la kawaida kwa watu wa umri wake. Naye wakati huo alikuwa na umri uleule. Mume wa Mwanasha aliona haya, hakutaka ionekane nyanya ya mkewe ni mshamba. Akasema maji yapo ukutani, sufuria ya nini. Bibi akarudi ndani. Siku zilizofuata nilikuwa nikimsikia akisoma bismillahi kila anapoushika mfereji, kwa sauti ya mtu anayeingia pangoni.

Asubuhi ya ajali yenyewe nilikuwa uani nikiosha brashi. Nilisikia kwanza Mwanasha akipiga kelele, kisha sauti ya bibi, imekatikakatika, ikisema neno moja: "Usinishike. Usinishike." Msimamizi alikuwa karibu kuliko mimi. Alifika mlangoni pa nyumba kwanza, na alipofika akasimama.

"Ni nyumba ya mzazi," akaniambia. "Mwanamume haingii."

Swichi ilikuwa mbele yake, kwenye ujia, nje ya bafu, taa nyekundu inawaka. Mti wa ufagio, mkavu, ulikuwa mkononi mwake. Angeunyoosha tu kama alivyounyoosha katika kila somo. Nilimsukuma, nikaingia nimeugeuzia uso ukuta, nikaizima. Ndani kikasikika kishindo cha mtu kuanguka na mtoto akaanza kulia chumbani.

Mwanasha hakuwa ameguswa, kwa sababu alikuwa amekatazwa na mtu aliyekuwa akiungua. Bibi alipelekwa hospitali. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umeng'ang'ania mfereji, ulipona ngozi, lakini vidole viwili vilikunjika na havikukunjuka tena. Arobaini ya Mwanasha ilimaliziwa na mwanamke mwingine, kwa sufuria.

Mume alileta fundi wa stima kutoka Likoni, na mimi nikakaa miguuni pake nikiuliza hadi akachoka nami. Alionja maji ya mfereji akatema. Maji ya visima vyetu yana chumvi, akasema, na stima hupenda chumvi. Kuna hita zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo waya wa moto umefunikwa usiguse maji. Hizi zilizofungwa hapa ni za maji yasiyo na chumvi, kama ya bara, waya uko wazi, maji yanaupitia. Hata hivyo, akasema, kungekuwa na waya wa kupeleka stima ardhini, mtu angeponea hapo. Akafungua kila swichi, nyumba baada ya nyumba, na katika kila moja palikuwa na nafasi tupu ilipochomolewa waya. Akauliza ulikuwa waya wa kijani na manjano, umekwenda wapi? Sote tukageuka tukatazama nguo zetu zikipepea uani.

Msimamizi hakukana. Alisema aliuona hauna kazi. Aliuchomoa nyumba ya kwanza, akawasha, maji yakapata moto vilevile. Basi akaona ni israfu waya mzuri kama ule kukaa bure ukutani. Alisema hayo kwa utulivu, akimpapasa paka. Nikamuuliza mbona yeye haogi humo. Akanitazama kwa upole na kunijibu lile jibu lake la mambo yote.

Alikwenda hospitali kumtazama bibi. Nilikuwapo. Alibeba machungwa, alivaa kanzu iliyopigwa pasi, aliketi akainua mikono akaomba shifaa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Kisha akamwambia bibi asihuzunike, ajali ni kadari.

Bibi alikuwa amelaza mkono wake wenye bandeji juu ya shuka. Alisema, "Kadari ni ya Mungu, mwanangu. Waya uliuchomoa wewe."

Msimamizi akaitikia amina, kana kwamba ile nayo ilikuwa dua. Mwezi haukuisha akahama. Mwenye nyumba alitaka aende kimya kimya, hivyo akaenda kimya kimya, na kuna waliomsindikiza hadi barabarani.

Hayo yote niliyatafuna hadi Gazi. Pale nikapata lifti kwenye pikapu iliyokuwa ikirudi na kreti tupu, nikashuka Msambweni wakati wa alasiri. Niliuliza pa kulala, nikaelekezwa kwenye nyumba ya wageni mpya karibu na hospitali, ambako hukaa zaidi watu wanaouguza. Mlangoni, nyuma ya meza, amekonda kidogo, kanzu yake nyeupe pe, alikuwa ameketi Msimamizi.

Hakuniangalia. Alikuwa akimhudumia mwanamke wa makamo aliyekuja na mama yake kutoka Taru. Mama mwenyewe alikuwa amelala kwenye benchi, mguu umefungwa, macho yamefumba. Kesho wanarudi kliniki, mwanamke alisema, na alichotaka ni maji ya moto tu ya kumkanda mama, safari imemuumiza. Msimamizi akamhakikishia yapo, tena ya ukutani. Na asiwe na hofu, akaongeza, maana yeye ni mtu wa hita tangu zamani. Akamhadithia jinsi kule Diani bibi mmoja alivyonaswa na stima kwa kutofuata maelekezo, na jinsi yeye Msimamizi alivyoruka, akapita kila mtu, akaizima swichi kwa mkono wake. "Alhamdulillahi, leo bibi yule ni mzima kama mimi na wewe."

Nyuma yake kulikuwa na mfereji wa kunawia. Nikaufungua, nikaonja. Chumvi. Mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa wazi na niliweza kuona hita ya aina ileile, imeota ukoko mweupe shingoni.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Dada," nikamwambia yule mwanamke, "bibi wa Diani alipooza vidole viwili. Aliyezima swichi ni mimi. Huyu mzee alisimama mlangoni akatazama. Mchemshie mama kwa sufuria."

Msimamizi aliniinulia uso sasa, akanitazama vizuri, vumbi langu, mfuko wangu, rangi iliyokauka kwenye kucha zangu. Hakukasirika. Akatabasamu kwa huruma.

"Ananifananisha," akamwambia mwanamke. "Jua ni kali barabarani. Mpe maji, mwanangu, anywe."

Yule mwanamke alimtazama yeye, akanitazama mimi. Ningekuwa mimi ndiye niliyechoka vile, na mama yangu amelala kwenye benchi, nami ningemwamini mwenye kanzu. Aliniambia asante kaka kwa lugha ya bara, akaniuliza kama nimekula. Kisha akachukua ufunguo, akamwinua mama yake taratibu, na Msimamizi akatangulia mbele yao kwenye ujia kwenda kutoa somo.

Nilikuwa nimeamua kulala popote pengine, hata chini ya kibanda sokoni. Lakini nilipotazama ujia ule niliona zilipofungwa swichi: ukutani, nje, baina ya mlango na mlango. Alipoketi tena kwenye meza nikamwomba chumba. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia njema. Akauliza nataka kipi, cha mbele kina upepo zaidi.

Nikachukua kilichopakana na chao. Sikukaa humo. Nilitupa mfuko juu ya kitanda, nikavuta kiti hadi kwenye ujia, nikaketi chini ya taa nyekundu ya chumba chao, iliyokuwa tayari inawaka, mkono wangu karibu na swichi. Nyuma ya mlango mwanamke alikuwa akimwambia mama yake kwa sauti ya chini ainue mguu, na maji yakaanza kutoka.